Kitwana wa Miaka Kumi

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilisimama ukingoni mwa mto Saint-Laurent, hapa Montréal ninapoishi, mahali ambapo maji hupasuka juu ya mawe kwa kishindo kinachomlazimu mtu kupaza sauti ili asikiwe na aliye kando yake. Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili nilizozichapa nyumbani. Korongo mmoja alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi akingoja samaki, nami kwa karibu nusu saa sikufanya lolote ila kuhesabu watu kwa vidole.

Nilipata wanane.

Kila simulizi niliyopata kuisoma kuhusu safari ile ya mwaka 1673, ya padri Marquette na Louis Jolliet kwenye mto Mississippi, inasema saba, na mimi mwenyewe, mwaka juzi, niliandika saba kwenye ukurasa huu huu bila kufikiri mara mbili. Tangu mwezi wa Machi, niliposoma barua moja fupi ya mwaka 1674, hesabu hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Waliotoka Saint-Ignace

Tarehe 17 Mei 1673 mitumbwi miwili ya magome ya mti iliondoka katika misheni ya Saint-Ignace, karibu na mlango wa maji unaounganisha ziwa Michigan na ziwa Huron. Ndani yake alikuwamo padri Mjesuiti, Jacques Marquette, mzaliwa wa Laon nchini Ufaransa, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 36. Alikuwamo Louis Jolliet, mzaliwa wa Québec mwenye miaka 27, aliyesoma kwa Wajesuiti akielekea upadri kisha akaacha na kuingia katika biashara ya ngozi za wanyama. Na walikuwamo wapiga makasia watano. Chakula chao kilikuwa mahindi na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kazi waliyotumwa ilikuwa kuujua ule mto mkubwa ambao wenyeji wa maziwa walikuwa wakiutaja kwa miaka mingi, na hasa kujua unamwaga maji yake wapi: katika ghuba ya Mexico, au katika bahari ya magharibi ambako Wafaransa walitumaini kupata njia ya kwenda China.

(Maporomoko niliyosimama mbele yake yanaitwa Lachine, yaani China kwa Kifaransa. Ni jina la kejeli, lililotungwa kumdhihaki bwana La Salle, aliyepewa ardhi hapa na ambaye hakuchoka kuizungumzia China. Hakufika.)

Sitasimulia njia nzima. Nitasema tu kwamba nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliona ushujaa wa wazungu saba katika nchi isiyojulikana, na nilipoisoma tena nikaona kwamba nchi ile ilijulikana sana, na kwamba kila hatua walikuwapo watu wa kuwaelekeza. Kabla hawajafika mbali, Wamenominee, watu wa mpunga mwitu, waliwasihi wasiendelee, wakiwaeleza habari za mazimwi ya mtoni na joto la kuua. Katika kijiji cha Wamascouten walipewa Wamiami wawili wa kuwaongoza, kwa sababu mto Fox hapo juu hupotea katika madimbwi na mashamba ya mpunga mwitu, na mgeni hawezi kujua ni mkondo upi ulio mto. Wamiami hao waliwafikisha mahali pa kuvukia nchi kavu, wakawasaidia kubeba mitumbwi hatua 2,700, wakawaacha kwenye mto Wisconsin na kurudi kwao. Siku saba baada ya kuondoka Mascouten, tarehe 17 Juni, mitumbwi iliingia Mississippi, na Marquette akaandika kwamba alikuwa na furaha asiyoweza kuieleza.

Mpaka hapo, kweli, walikuwa saba.

Kijiko mdomoni

Tarehe 25 Juni waliona nyayo za watu kwenye ukingo wa magharibi, na njia nyembamba iliyopanda kuelekea mbugani. Jolliet na Marquette waliwaacha wale watano walinde mitumbwi, wakaifuata njia ile peke yao, kimya, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita nane, hata wakasogea karibu na kijiji kiasi cha kusikia watu wakizungumza. Hapo ndipo waliposimama na kupiga kelele ili waonekane. Wazee wanne wakatoka kuwalaki, wakitembea polepole, wawili wao wameinua viko vya tumbaku kuelekea juani.

Marquette akawauliza ni nani. Wakajibu kwamba wao ni Waillinois.

Alikuwa amejifunza lugha yao miaka minne kabla, alipokuwa katika misheni ya La Pointe kwenye ziwa Superior, kutoka kwa kijana wa Kiillinois aliyekuwa naye huko. Kwa hiyo alielewa vizuri mzee mmoja aliposimama mlangoni mwa nyumba, uchi, mikono ameinyoosha kuelekea juani, akasema: «Jua ni zuri jinsi gani, ewe Mfaransa, unapokuja kututembelea! Mji wetu wote unakungoja, nawe utaingia katika nyumba zetu zote kwa amani.»

Naipenda karamu iliyofuata, na sioni haya kusema hivyo. Marquette aliandika vyakula kwa mpangilio, kama mtu anayemwandikia mama yake. Kwanza uliletwa uji wa mahindi uliotiwa mafuta, na msimamizi wa karamu akachota kwa kijiko akamlisha padri mdomoni mara tatu au nne, kama mtoto mdogo. Maneno hayo ni yake mwenyewe, kisha Jolliet akalishwa vivyo hivyo. Pili waliletwa samaki watatu, na yule msimamizi akatoa miiba, akapuliza ili wapoe, akawatia mdomoni. Tatu aliletwa mbwa mkubwa, na walipoonekana kusita akaondolewa bila ugomvi. Nne zililetwa nyama za nyati, na vipande vilivyonona kuliko vyote vikawekwa midomoni mwao.

Mtu aliyewahi kwenda ugenini kwa watu wenye adabu ataijua aibu hiyo tamu ya kutendewa kama mtoto.

Mkono juu ya kichwa

Kabla ya karamu, hata hivyo, palikuwa na hotuba. Marquette alizungumza kwa zawadi nne, kama ilivyokuwa desturi, kila zawadi na ujumbe wake. Alipomaliza, mkuu wa Waillinois alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa kando yake, akajibu.

Alimshukuru padri, ambaye alimwita Kanzu Nyeusi, na akamshukuru Mfaransa mwenzake, kwa taabu waliyoipata ya kuja kuwatembelea. Alisema kwamba dunia haijapata kuwa nzuri wala jua kung'aa kama siku ile, na kwamba hata tumbaku yao haijapata kuwa na ladha kama hiyo. Kisha akasema: «Huyu hapa ni mwanangu, ambaye ninakupa ili uujue moyo wangu.»

Hakuwa mwanawe. Marquette anasema wazi katika sentensi hiyo hiyo: alikuwa mtumwa mdogo. Mkuu alimsogeza mtoto karibu na wageni, kisha akatoa zawadi ya pili, kiko cha amani kilichopambwa kwa manyoya, ambacho Wafaransa walikiita calumet. Na padri akaongeza kwamba kiko hicho, watu wale wanakithamini kuliko mtumwa.

Nilisoma sentensi hiyo nikaendelea na ukurasa uliofuata. Nakiri hivyo. Nilikuwa na hamu ya kufika kwenye uji na samaki.

Lugha yetu ina neno lililo tayari kwa mtoto kama huyo, na utayari wake haunifurahishi: kitwana. Pwani tulilihitaji mara nyingi kiasi cha kulitengenezea umbo lake dogo. Marquette mwenyewe anaeleza walivyopatikana watoto kama yule: Waillinois walivamia mataifa ya mbali, kusini na magharibi, wakateka watu na kuwauza kwa bei kubwa kwa mataifa mengine. Kwa hiyo yule mtoto aliyewekewa mkono kichwani, akaitwa mwana mbele ya wageni, alikuwa ametolewa kwa mama mwingine, katika kijiji kingine, chenye lugha nyingine. Kisha wakati uji na samaki vinaliwa, alikuwapo. Au alikuwa karibu. Msimamizi wa karamu akiwalisha watu wazima wawili kwa kijiko kama watoto wadogo, mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mali yao.

Walipoondoka mwishoni mwa Juni, mkuu aliwasindikiza mpaka mtoni pamoja na watu karibu 600.

Wanane.

Lugha sita

Nilirudi mwanzo wa simulizi nikitafuta mahali pengine mtoto anapotajwa, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilipita kwenye mwamba uliochorwa mazimwi mawili, makubwa kama ndama, yenye pembe za paa, macho mekundu, na mkia mrefu unaozunguka mwili mzima na kuishia kama mkia wa samaki. Marquette anawaeleza kwa rangi zao zote, kijani, nyekundu na nyeusi. Nilipita kwenye mdomo wa mto Missouri, ulioingia kwa kishindo ukibeba miti mizima na matope. Nilisoma habari za mbu, na za wenyeji wanaolala juu ya vichanja huku moshi ukifuka chini yao ili kuwafukuza. Padri huyu alikuwa na jicho. Aliona kambare aliyegonga mtumbwi, akamwandika.

Kusini zaidi, Wamichigamea waliwajia kwa pinde na marungu, vijana wakaingia majini kuukamata mtumbwi, na rungu moja likarushwa likapita juu yao. Marquette alikuwa ameinua kiko, lakini hakikusaidia mpaka wazee walipokiona, na hapo vita vikaisha. Ndipo ulipokuja wakati wa kuzungumza. Marquette anasema kwamba alijaribu lugha sita alizozijua na hakuna hata moja waliyoielewa, mpaka akapatikana mzee mmoja aliyejua Kiillinois kidogo.

Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Kiko kilichopewa thamani kuliko mtumwa kiliwaokoa, na kikaandikwa. Mtu aliyejua lugha sita alikuwa na mtoto mtumbwini ambaye angeweza kuulizwa kwa lugha mojawapo kati ya hizo: unaitwa nani?

Huenda alimwuliza. Mimi naamini alimwuliza, maana kila kitu kingine alikiuliza. Lakini wino ulikwenda kwa kambare.

Walifika mpaka kwa Waquapaw, karibu na mahali mto Arkansas unapoingia Mississippi, wakakuta shoka, visu na shanga za Kizungu zilizowafikia watu hao kwa njia ya biashara. Waliambiwa kwamba bahari iko karibu, ingawa kwa kweli ilikuwa bado mbali sana. Kwa kuwa sasa walijua mto unaelekea ghuba ya Mexico, na kwa kuwa walihofia kukamatwa na Wahispania na kupoteza yote waliyoyajua, waligeuza mitumbwi tarehe 17 Julai. Safari ya kurudi ilipanda mto dhidi ya mkondo katika jua kali, kisha ikapita kwenye mto Illinois, ambao wenyeji waliwaambia ni njia fupi zaidi ya kufika ziwani.

Watoto wawili

Hapa ndipo shaka yangu ilipogeuka.

Nilikuwa nimekwisha kumhukumu Marquette, na hukumu ilikuwa rahisi. Lakini kwenye mto Illinois, Wafaransa walipokuwa wakijiandaa kuondoka katika kijiji cha Peoria, wenyeji walimletea padri kando ya maji mtoto aliyekuwa akikata roho. Akambatiza, na mtoto akafariki muda mfupi baadaye. Marquette aliandika kwamba hata kama safari yote isingezaa kitu ila wokovu wa roho ile moja, angeona taabu zake zote zimelipwa.

Siwezi kumtuhumu mtu aliyeandika hivyo kwamba hakuwajali watoto. Alikuwa tayari kuipima safari yote, mto, ramani, na amri ya gavana, kwa mtoto mmoja wa watu asiowajua. Wala hilo halikuwa pambo la maandishi: alirudi akiwa na ugonjwa wa kuhara damu, akarudi tena kwa Waillinois kama alivyoahidi, akahubiri kwao wakati wa Pasaka ya mwaka 1675, na tarehe 18 Mei akafa njiani kwenye mwambao wa ziwa Michigan, akiwa na wenzake wawili tu. Miaka miwili baadaye Waottawa waliowahi kufundishwa naye walifukua mifupa yake, wakaiosha, wakaianika, wakaiweka katika sanduku la gome la mti, wakairudisha Saint-Ignace kwa msafara wa mitumbwi ipatayo 30. Watu hawafanyi hivyo kwa mtu asiyewapenda.

Basi ni nini? Nilifikiri juu ya Bagamoyo, ambako mapadri Wafaransa wa shirika lingine, lile la Roho Mtakatifu, walianza misheni mwaka 1868 na kuwanunua watoto watumwa ili kuwakomboa. Nilipofika pale nikiwa mwanafunzi, nilionyeshwa makaburi na mnara, nikaambiwa habari za ukombozi, na zilikuwa kweli. Ila padri wa Bagamoyo alijua kwamba kumpokea mtoto mtumwa ni jambo la kuelezwa. Padri wa mwaka 1673 alimpokea kama mtu anavyopokea kuku kwa mwenyeji wake: kukataa kungekuwa matusi, na kukubali hakukuhitaji maelezo. Mtoto aliyekuwa akikata roho alikuwa roho. Mtoto aliyetolewa zawadi alikuwa zawadi, na zawadi huandikwa mara moja, siku inapopokelewa.

Hata pwani kwetu, ambako hatuna la kujivunia, mtumwa alibandikwa jina jipya, Mabruki, Feruzi, Majaliwa, jina la baraka juu ya kichwa cha mtu aliyenyang'anywa lake. Ni jina la uongo, lakini mtu akiita, mwingine anageuka.

Mbele ya nyumba za kwanza

Jolliet alichukua mtoto. Katika kiangazi cha mwaka 1674 aliteremka kuelekea Montréal akiwa na shajara yake na ramani yake katika sanduku, nakala ya maandishi hayo akiwa ameiacha Sault Sainte-Marie. Alisema baadaye kwamba alikuwa ameepuka hatari za wenyeji na amepita maporomoko 42, na furaha ya kufanikiwa ilikuwa imemjaa, wakati mtumbwi ulipopinduka hapa, mbele ya nyumba za kwanza za Wafaransa alizoziacha karibu miaka miwili kabla. Watu wawili walizama. Sanduku lilizama. Nakala ya Sault Sainte-Marie nayo iliungua kwa moto, na ndiyo sababu leo safari hii tunaisoma hasa kwa macho ya padri, tena kupitia mikononi mwa mkuu wake, Claude Dablon, aliyeyatayarisha maandishi. Wapo wanahistoria waliobishana ni maneno mangapi ni ya Marquette na mangapi ni ya Dablon. Toleo la kwanza lilichapishwa Paris mwaka 1681.

Mtoto pia alizama.

Mwezi wa Oktoba, Jolliet alimwandikia askofu Laval. Hii ndiyo karatasi ya pili iliyokuwa mfukoni mwangu. Anasema kwamba anamsikitikia sana mtumwa mdogo wa miaka kumi aliyekuwa amepewa zawadi. Kwamba alikuwa na tabia njema, akili nyepesi, mwenye bidii na mtiifu. Kwamba alikwisha kuweza kujieleza kwa Kifaransa, na alikuwa ameanza kusoma na kuandika. Kuhusu nafsi yake anasema kwamba alipotewa na fahamu, akakaa majini saa nne, akaokolewa na wavuvi ambao kwa kawaida hawapiti mahali pale.

Soma tena: ameanza kusoma na kuandika. Mtu haanzi kusoma peke yake. Katika miezi ya baridi ya mwaka 1673 kuingia 1674, mahali fulani kwenye maziwa ya kaskazini, mfanyabiashara wa ngozi aliyeacha upadri alikaa na mtoto huyu na kumwonyesha herufi. Huwezi kumfundisha mtoto kuandika bila kufika mahali anapoandika jina lake, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza ambalo kila mtoto hulitaka. Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mitatu kabla sijaja huku, na sikuwahi kuona mtoto aliyetaka jingine.

Kwa hiyo jina hilo, la kwao au la kupewa, liliwahi kuandikwa, na Jolliet alikuwapo.

Kwenye barua hakulitia. Alitia umri, tabia, akili, bidii, utiifu, lugha, kusoma, kuandika. Ndiyo maelezo marefu kuliko yote tuliyonayo ya mtu yeyote aliyekuwa katika mitumbwi ile ambaye hakuwa Jolliet wala Marquette, na nilipoisoma mara ya tatu nilihisi kwamba Jolliet alikuwa akilizunguka jina kama mtu anayezunguka kisima gizani.

Niliporudi nyumbani kutoka mtoni jioni ile, viatu vimelowa, nilifungua makala yangu ya mwaka juzi. Nilifuta «saba», kisha nikaona nimekosea tena, kwa sababu saba ni sahihi mpaka karamu ya Waillinois. Nikaandika: saba mpaka siku ile, na wanane baada yake.